Oili Nzito Haiponyi Beringi

Gari kuukuu la chama, kama Land Rover ya petroli ya miaka ya 1960, likianza kugonga, katibu hushauriwa kutia oili nzito. Mlio hupungua kweli. Beringi huendelea kulika, na hasara huhamia kwenye krenkishafti, iliyo ghali zaidi.

Injini ipashwe moto, kisha shinikizo la oili lipimwe kwa geji nyingine, kwani geji za magari ya zamani husema uongo. Likiporomoka katika joto, huenda nafasi ya beringi imepanuka, au pampu imechoka. Fundi achomoe waya za plagi mmoja mmoja: mlio ukififia, beringi ya konrodi ya silinda hiyo ishukiwe. Injini ifunguliwe, nafasi ipimwe; kadirio la mafundi ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya unene wa shafti. Hati ya malipo isitiwe sahihi kabla vipimo havijaandikwa.