Sheikh Amri Abedi, Mshairi Aliyekuwa Meya

Leo twataka kuwaeleza habari za mtu aliyezaliwa kando ya ziwa, mbali sana na pwani, naye akawa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha umeya katika mji wa Dar es Salaam. Jina lake ni Sheikh Kaluta Amri Abedi.

Kwanza yafaa tujue meya ni nani. Yeye si mkuu wa wilaya, ambaye huwekwa na Serikali. Wananchi huwachagua madiwani, kila kata diwani wake, kisha madiwani humchagua mmoja miongoni mwao awe meya. Huyo ndiye aongozaye baraza, nalo hushauriana juu ya masoko, barabara za mitaa, taka na ushuru wa mji. Kwetu Mbinga mjini kiongozi wa madiwani huitwa mwenyekiti, kwa kuwa umeya ni cheo cha manispaa na majiji. Lakini tukifika Songea, iliyo manispaa, twamkuta Mstahiki Meya.

Amri alizaliwa mwaka wa 1924 huko Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kama watoto wetu wazaliwavyo Mbamba Bay na Liuli, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Alisoma Tabora, kisha akawa mhubiri wa Kiislamu katika jumuiya ya Ahmadiyya.

Zamani hizo watu wengi walidhani kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya Lamu, Mombasa na Pemba tu, na kwamba mtu wa bara hawezi kuujua sawasawa. Mwaka wa 1954 Amri alitoa kitabu, Sheria za Kutunga Mashairi, pamoja na diwani yake. Humo alifundisha vina na mizani kwa utaratibu. Mizani ni silabi: neno “Ruvuma” lina mizani 3, Ru-vu-ma. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani 8 na 8, na kila kipande kina kina chake mwishoni. Mkulima wa Kimatengo hupanga ngoro zake kwa kipimo, ili mvua isiuchukue udongo wa mlimani. Mshairi naye hupima maneno yake, ili yakae vema masikioni na kukumbukwa.

Basi Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu mwaka wa 1949, lakini mameya wake wa kwanza walikuwa Wazungu na Waasia, ingawa wakazi wengi walikuwa Waafrika. Mwaka wa 1960 Amri Abedi alichaguliwa kuwa meya, kabla ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Mwaka wa 1963 aliwekwa kuwa Waziri wa Sheria. Sheria za nchi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi aliweza kuhukumiwa kwa maneno asiyoyafahamu. Waziri huyu alihimiza Kiswahili kitengenezewe maneno ya sheria. Yule aliyewafungulia watu sheria za mashairi sasa alitaka wazifahamu na sheria za nchi yao. Lakini hakuishi kuimaliza kazi hiyo: alifariki mwezi wa Oktoba 1964, akiwa Ujerumani, naye alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake.

Wako wanafunzi wetu wasemao Kimatengo au Kinyasa nyumbani, ambao huona haya kusimama na kusema Kiswahili mbele ya watu waliotoka pwani. Na wajue kwamba mwalimu wa sheria za ushairi alikuwa mtoto wa Ujiji. Hakuipata lugha ile kwa kuzaliwa pwani. Aliipata kwa kujifunza, na kwa lugha hiyo aliwatumikia watu.