Werevu wa Nyumba au wa Mwenyewe?

Mwalimu aliyehamia nyumba yake mpya Port Victoria aliniuliza iwapo anunue kufuli linalofunguliwa kwa simu. Nikamjibu kwa swali: betri yake ikiisha, au mtandao ukipotea, utaingiaje? Mtandao nao hutegemea umeme, na usiku wa Agosti 25, 2023, hata Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani. Katika lugha yetu mwerevu ni mtu. Kifaa hutii tu. Basi, ndugu msomaji, tanguliza paneli ya sola na mifereji ya kuvuna maji ya mvua. Fedha zikisalia, nunua kufuli hilo, mradi lina ufunguo wa kawaida pia. Nyumba inayomfungia mwenyewe nje ina werevu gani?