Noah haibadili gia? Soma taa ya O/D kwanza kabla giaboksi haijashushwa

Leo naongelea kitu ambacho kimewakosesha kazi vijana wengi wanaoendesha Noah za watu. Gari inaanza kuwa nzito kuondoka, au inagoma kuingiza gia ya mwisho, au taa ya O/D OFF inawaka na kuzima yenyewe kwenye dashibodi. Bosi anaita fundi, fundi anazunguka nayo raundi moja tu, anashuka na hukumu: "Giaboksi imekufa." Hapo bosi anakugeukia wewe dereva. Umeua giaboksi yake, lete funguo.

Mimi ni fundi umeme wa magari, napiga kazi Tabora mjini na huku Kwihara, karibu na lile tembe la makumbusho ya Livingstone. Mwaka 1872 mzee yule alikaa hapa toka Februari mpaka Agosti, na ile miezi mitano ya mwisho kazi yake kubwa ilikuwa kusubiri wapagazi ambao Stanley alienda kumtafutia pwani. Sisi nasi giaboksi ya mtumba tunaisubiri kutoka huko huko pwani. Inanunuliwa Dar bila kujaribiwa, inapakiwa kwenye basi, siku zinapita gari iko juu ya magogo na hesabu ya bosi hailetwi. Inafika, inafungwa, gari inasumbua vile vile. Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye waya.

Kwa hiyo leo nataka ujue jambo moja tu: namna ya kutenganisha ugonjwa wa umeme na ugonjwa wa chuma, kabla bolti hata moja haijafunguliwa.

NOAH GANI NAYOIONGELEA

Ni ile tunayoita old model, Townace Noah na Liteace Noah, iliyotengenezwa kuanzia 1996 mpaka 2001. Injini iko chini ya viti vya mbele, inasukuma tairi za nyuma, na giaboksi imelala chini ya sakafu. Maelezo haya yanafaa pia kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye giaboksi ya otomatiki ya gia nne inayoongozwa na kompyuta. Noah zilizofuata ni darasa lingine, usichanganye.

INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya giaboksi kuna klachi zinazobanwa na presha ya oili. Lakini nani anaiambia oili ipite njia ipi? Ni vali ndogo za umeme, mafundi tunaziita solenoidi. Mbili zinachagua gia, ya tatu inafunga ile lokapu ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza ukiwa kwenye mwendo. Kontroboksi inaangalia mwendo wa gari na umekanyaga mafuta kiasi gani, halafu inapeleka umeme au inaukata.

Angalia hapa vizuri, ndiyo siri yenyewe:

Gia ya 1: solenoidi namba 1 ina umeme, namba 2 haina.
Gia ya 2: zote mbili zina umeme.
Gia ya 3: namba 1 haina, namba 2 ina umeme.
Gia ya 4 (ndiyo O/D): zote hazina umeme.

Umeona hiyo ya mwisho? Gia ya nne haihitaji umeme wowote. Maana yake, waya ukikatika kabisa, ukiweka D gari inaondoka na gia ya nne. Ni kama kuanza kupanda mlima na baiskeli uliyoiacha kwenye gia nzito. Inavuta, lakini kwa mateso. Na solenoidi namba 1 peke yake ikifa, gari inaondoka na gia ya tatu. Dereva na bosi wote wanaapa kwamba giaboksi imechoka, kumbe klachi zote ndani ni nzima.

HATUA YA 1: VITU VYA BURE

Kwanza oili. Gari ikiwa ya moto, injini inaunguruma, iko sehemu tambarare kwenye P, chomoa kijiti cha giaboksi. Oili iwe kwenye alama ya moto. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, basi chuma nacho kina maneno, usilaumu waya peke yake.

Pili betri na chaji. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima inasoma kama volti 12.6. Ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukiwa wa kusuasua, kontroboksi nayo inatoa maamuzi ya kusuasua.

Tatu kibao cha spidi. Mshale umelala sifuri huku gari inatembea? Usidharau. Kontroboksi inahitaji kujua mwendo ili ichague gia.

Nne themostati. Jamani, huu mtindo wa kung'oa themostati "ili gari isichemshe" unatusumbua sana. Kontroboksi inazuia gia ya nne mpaka injini ipate joto. Asubuhi za Juni na Julai huku Tabora baridi inauma, na injini isiyo na themostati inachelewa kupata joto au hailipati kabisa. Gari inang'ang'ania gia ya tatu, inakunywa mafuta, na lawama zinaenda kwenye giaboksi.

HATUA YA 2: IACHE TAA IONGEE

Washa swichi bila kuwasha injini, bonyeza kile kitufe cha O/D. Taa ya O/D OFF inatakiwa iwake, ukibonyeza tena izime. Haiwaki kabisa? Huenda balbu imeungua, au kuna mjanja aliitoa kabla ya kuuza gari ili usione ugonjwa. Rudisha balbu kwanza.

Ukiwa barabarani, O/D ikiwa imeruhusiwa, taa ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, kontroboksi imeona tatizo na imeliandika. Sasa ulisome. Tafuta soketi ya uchunguzi, ile boksi ndogo yenye kifuniko. Ndani ya kifuniko kumeandikwa majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa, injini imezimwa, O/D imeruhusiwa. Hesabu taa inavyopiga: mara 4, inapumzika kidogo, mara 2, hiyo ni 42. Ikipiga haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa.

Namba zenyewe:

42: sensa ya spidi namba 1, mara nyingi inahusiana na kibao cha spidi.
61: sensa ya spidi namba 2, iliyoko kwenye giaboksi.
62: solenoidi namba 1 au waya wake.
63: solenoidi namba 2 au waya wake.
64: solenoidi ya lokapu au waya wake. Hii inaandikwa kimya kimya, taa haikonyezi ukiwa safarini.

Angalizo: kama gari yako ina soketi ile pana ya matundu 16 chini ya usukani, usibahatishe matundu. Ukiunganisha pasipo unaweza kuunguza kontroboksi. Hapo tafuta mtu mwenye mchoro au mashine ya kupimia.

Na tusielewane vibaya: 62 haisemi "nunua solenoidi". Inasema umeme wa njia hiyo hauendi sawa. Kosa linaweza kuwa kwenye solenoidi, kwenye waya, kwenye plagi au kwenye kontroboksi yenyewe.

HATUA YA 3: CHOMOA PLAGI, ENDESHA KWA MKONO

Hiki ndicho kipimo ninachotaka ukumbuke hata ukisahau vingine vyote. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa plagi ya solenoidi kwenye giaboksi. Sasa kontroboksi haina sauti, chuma kimebaki peke yake. Nenda sehemu tambarare isiyo na watu, endesha taratibu. Mkono wa gia ukiwa L unatakiwa kupata gia ya 1. Ukiweka 2 unapata gia ya 3. Ukiweka D unapata gia ya 4. Reverse inaingia kama kawaida. Panda L, kisha 2, kisha D. Usirudishe L ukiwa na mwendo.

Kama gia zote hizo zinashika, hazitelezi na unazisikia zinatofautiana, basi ndani ni wazima. Ugonjwa ni wa umeme, na anayetaka kushusha giaboksi aulizwe anatafuta nini. Lakini kama inateleza hata hapo, au reverse haishiki, basi ni oili, presha au klachi. Hapo mpishe fundi wa giaboksi afanye kazi yake.

Kipimo hiki hakihitaji hela, hakihitaji mashine. Kinahitaji dakika ishirini na akili iliyotulia.

HATUA YA 4: PIMA WAYA

Plagi ikiwa bado imechomolewa na giaboksi imepoa, chukua multimita, weka kwenye ohm. Upande wa giaboksi, pima kila tundu la solenoidi na bodi ya giaboksi. Kwa Toyota nyingi za kizazi hiki, solenoidi nzima inasoma kati ya ohm 11 na 15. Ikisoma sifuri imeungana ndani. Isiposoma kitu imekatika, au waya wake wa ndani umekatika. Hata hapo giaboksi haishuki: kwa kawaida solenoidi zinafikiwa kwa kufungua sampo tu, yaani lile karai la oili la chini.

Zikisoma vizuri zote, fuata waya kuelekea kontroboksi. Huku kwetu nakuta wakosaji wale wale:

Joto. Injini iko chini ya kiti na giaboksi inafuatia, ganda la waya linakauka na kupasuka.

Maji na vumbi. Masika gari inapita kwenye madimbwi, kiangazi vumbi linaingia kwenye plagi, ndani kunaota kutu ya kijani.

Panya. Gari ikilala karibu na ghala la mahindi au karanga, jua umewakaribisha.

Mafundi wa redio na alamu. Wanachuna waya wowote wanaoukuta chini ya dashibodi, wanasokota, wanafunga gundi ya karatasi, wanaondoka.

Ethi. Waya wa kwenda bodi ukilegea, magonjwa kumi yanatokea kwa wakati mmoja.

Kuna Noah moja hapa Kwihara ilishahukumiwa, mwenyewe alikuwa anatafuta mnunuzi wa mbuzi ili apate hela ya giaboksi. Taa ilipiga 62. Tukachomoa plagi, ikatembea L, 2 na D bila kuteleza. Solenoidi ikasoma ohm 13. Waya ulikuwa umetafunwa na panya, umebaki nyuzi mbili. Tukaukata, tukauunga kwa risasi, tukaufunika vizuri. Mbuzi wakabaki zizini na dereva akabaki na kazi yake.

Ukimaliza kutengeneza, futa kumbukumbu: zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde kumi au zaidi, rudisha, kaendeshe, halafu soma taa tena. Ikirudi namba ile ile, hujamaliza.

USALAMA, TAFADHALI

Usiingie chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake. Udongo wetu unadidimia, weka ubao mpana chini ya jeki, weka magogo imara, zuia tairi. Ekzozi iache ipoe. Na gari inayoondoka na gia ya nne usibebe nayo abiria. Ukiingia barabara kuu lori linakuja huku gari yako haichomoki, hapo hatuongelei tena hela ya giaboksi.

KWA DEREVA NA KWA BOSI

Dereva, taa ikianza tu kukonyeza mwambie bosi siku hiyo hiyo, na ukisoma namba iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe. Ukinyamaza wiki mbili, hata kama ni panya, kesi ni yako.

Bosi, kabla hujatuma hela Dar muulize fundi maswali matatu: taa imepiga namba gani, ilitembeaje plagi ikiwa imechomolewa, na solenoidi zimesoma ohm ngapi. Mwenye majibu yote matatu mpe kazi. Asiye na hata moja bado anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yako.

Uliye kafe chapa kurasa hizi uziweke kwenye kabati la gari. Mwenye swali aandike hapo chini, ila taja mwaka wa gari, injini ni petroli au dizeli, na namba ambazo taa imepiga. Ukiandika tu "Noah yangu haibadili, nisaidie" nitakujibu neno moja: pima.