Kabla ya Kununua Plagi Nyingine, Uliza Themostati Iko Wapi

Swali limekuja tena, safari hii kutoka kwa dereva wa Toyota IST wa mjini Sumbawanga: plagi zipi zinafaa kwa baridi ya Ufipa? Gari lake likiwashwa alfajiri linamisi, linatetemeka mpaka kwenye usukani na kutoa harufu kali ya petroli kwenye ekzosi, kisha linatulia likishatembea. Amebadilisha plagi, na hizo mpya nazo zimekuwa nyeusi tii. Aliyemtangulia aliuliza vivyo hivyo, na wa kabla yake pia. Mimi sitaji plagi yoyote kabla ya kuuliza: themostati ipo? Jibu nalo halibadiliki. Haipo. Gari lilichemsha mlimani, fundi akaing'oa, akasema ni kifaa cha Ulaya, Afrika kuna jua la kutosha.

Jua lipi? Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Lakini hata ungekuwa Tanga hoja hiyo isingesimama, kwa sababu themostati haiwekwi kwa ajili ya hali ya hewa ya nje. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya IST ya lita 1.5, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Hakuna jua la Tanzania linaloyafikisha maji kwenye joto hilo.

Ukiing'oa, maji yanazunguka rejetani tangu dakika ya kwanza. Kwenye safari fupi za sokoni na shuleni injini inabaki vuguvugu siku nzima. Sensa ya joto la maji inaipa kompyuta ya gari taarifa ya kweli: injini bado ya baridi. Kompyuta inafanya ilivyoagizwa, inaongeza petroli. Petroli hiyo haiungui yote. Nyingine inageuka masizi juu ya plagi, nyingine inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Asubuhi unapiga stata, cheche inapotelea kwenye masizi, gari linamisi. Hata mvuke unaotokana na mwako haupati joto la kuukausha, ndiyo maana unakuta povu la rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili. Nimeona watu wakifunguliwa silinda hedi kwa sababu ya povu hilo, wakaambiwa gasketi imeungua, kumbe gasketi ilikuwa nzima. Hilo linaniuma, maana ni fedha za ada ya mtoto.

Watetezi wa kung'oa hunitajia mlima. Ukitoka Kaoze na mpunga, ukauacha ukanda wa Ziwa Rukwa ulio mita 800 na kitu, ukaupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unapanda karibu mita 1,000 kwa gia ndogo. Gari linachemsha, nakubali. Lakini hapo injini ni ya moto kupita nyuzi 90, na themostati nzima imeshafunguka yenyewe. Unapoing'oa unaondoa mlango ambao tayari uko wazi. Tena injini nyingi za Kijapani zina themostati yenye sahani ya chini, ambayo maji yakipata moto huziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini bila kupita rejetani. Ukiondoa kifaa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto haifiki kabisa kwenye rejeta. Hapo umeongeza ugonjwa uliotaka kuutibu.

Kinachochemsha ni vitu vingine, na cha kwanza kukiangalia ni mfuniko wa rejeta. Maji ya sufuriani huku juu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, tofauti na 100 za Dar es Salaam. Namba 0.9 au 1.1 iliyoandikwa kwenye mfuniko ni mgandamizo unaoyazuia maji ya injini yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Springi ikichoka, kinga hiyo imekwisha. Kuna pia rejeta iliyoziba kwa chumvi za maji ya mtoni, feni isiyozunguka, mkanda uliolegea. Themostati yenyewe ikikwama imefunga, weka nyingine nzima.

Basi fanya hivi. Rudisha themostati, nyuzi zake zimegongwa juu yake, ijaribu kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto kabla ya kuifunga. Weka kulanti, safisha rejeta, badilisha mfuniko, mwaga oili iliyoingia petroli, ndipo ununue plagi za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bado linamisi? Pima kama mgandamizo wa petroli unashuka gari likilala usiku. Kagua koili na mabomba ya hewa yaliyopasuka. Betri isiyofika volti 12.4 asubuhi ichajiwe na kupimwa. Kwa Land Cruiser za dizeli pima hita plagi moja moja, maana hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani na dizeli inachelewa kushika. Toa maji kwenye filta, tafuta panapoingia hewa. Na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji yakipungua bila kuvuja nje, hapo ndipo gasketi ya silinda hedi inapimwa.