«Sweet Home», filamu ya Kijapani ya kutisha iliyofungiwa ndani ya kaseti

Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuangalia «Sweet Home» alikuwa na njia moja: kutafuta kaseti ya zamani ya VHS au laserdisc ya Japani, au nakala ambayo mtu mwingine alikuwa ameitoa humo. DVD zilikuja, Blu-ray zikafuata, na filamu nyingi dhaifu kuliko hii zikasafishwa na kuuzwa upya. Hii iliachwa nyuma.

Ilitoka katika majumba ya sinema ya Japani mwezi Januari 1989. Mwongozaji wake ni Kiyoshi Kurosawa, ambaye hana undugu na Akira Kurosawa wa «Seven Samurai». Wakati huo alikuwa bado kijana anayetafuta jina. Mtayarishaji wake, Juzo Itami, alikuwa tayari mtu mkubwa: filamu yake «Tampopo» ya mwaka 1985 ilikuwa imevuka mipaka ya Japani. Mke wa Itami, Nobuko Miyamoto, alipewa nafasi kubwa katika «Sweet Home», naye Itami mwenyewe akaigiza ndani yake. Kwa kutengeneza sura za mizimu na miili inayoyeyuka, waliita Mmarekani Dick Smith, fundi yuleyule wa «The Exorcist».

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Watu watano wa televisheni wanaingia katika jumba lililoachwa la mchoraji Mamiya, ili kupiga picha za michoro yake ya ukutani ambayo haijulikani. Wanakuta roho ya mke wa mchoraji. Mtoto wake mdogo aliingia katika tanuru bila mtu kujua, tanuru likawashwa, na tangu siku hiyo mama hakutulia. Ndani ya nyumba hiyo hata kivuli kinaua: kikimgusa mtu, anaungua.

Mwanzoni filamu inachekesha, hata kupita kiasi, na kuna mtazamaji atakayetaka kuizima. Asiizime. Nusu ya pili inageuka kabisa, na pambano la mwisho ni la wanawake wawili: mmoja aliyepoteza mtoto, mwingine anayepigania msichana ambaye hakumzaa. Mizimu ya Dick Smith inatisha, lakini uchungu wa huyo mama ndio unaobaki na mtu usiku.

Sasa, kwa nini filamu kama hiyo ipotee? Ugomvi ulianzia kwenye kaseti zenyewe. Baada ya sinema, filamu iliuzwa kwa video na kuonyeshwa kwenye televisheni. Kurosawa aliona kwamba kazi yake inaendelea kuleta pesa bila yeye kupata haki yake, akapeleka mashitaka mahakamani dhidi ya upande wa Itami. Alishindwa. Kijana asiye na jina kubwa kumshitaki mtu aliyemfungulia mlango si jambo dogo, Japani wala kwingine. Itami alifariki mwezi Desemba 1997. Mashabiki wengi wanaamini kwamba kesi hiyo ndiyo iliyoifungia filamu nje ya DVD.

Kilichoiokoa ni mchezo wa video. Mwaka uleule wa 1989, kampuni ya Capcom ilitoa mchezo wenye jina hilohilo kwa mashine ya Famicom, chini ya uongozi wa Tokuro Fujiwara. Watu watano, jumba moja, na anayekufa harudi tena. Mchezo huo uliuzwa Japani tu. Lakini Capcom ilipotaka kuutengeneza upya kwa mashine mpya, kazi hiyo ikazaa kitu kingine: «Resident Evil», mwaka 1996. Milango inayofunguka polepole mbele ya mchezaji, ambayo vijana wengi duniani wanaikumbuka, ilitoka katika mchezo wa 1989.

Basi wapenzi wa «Resident Evil» walianza kurudi nyuma kutafuta chanzo. Walifika kwenye mchezo wa Famicom, wakautafsiri wenyewe kwa Kiingereza, kisha wakafika kwenye filamu. Kaseti zikatafutwa, zikanakiliwa, zikawekewa maandishi ya tafsiri.

Kurosawa kwa upande wake hakukwama. «Cure» ya 1997 na «Kairo» ya 2001 zilimweka kati ya waongozaji wakubwa wa filamu za kutisha, na mwaka 2020 alipata Simba wa Fedha huko Venice kwa «Wife of a Spy». Anayezijua filamu hizo ataitambua mikono yake katika ile ya 1989, hasa pale giza linaposogea ukutani bila haraka.

Ila kwenye kaseti iliyochoka ni vigumu kuona vizuri. Pembe za chumba zimejaa weusi, rangi zimelegea, na mara nyingi haieleweki ni kivuli gani kimetoka kwa mzimu na kipi kimeletwa na uzee wa mkanda.