Pikapu ikilia kwenye tope, usikimbilie kununua transfa mpya

Tuseme uko Endarasha, mwezi wa Aprili, na mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Viazi vimeshachimbwa. Lori la mnunuzi linangoja kwenye lami pale Mweiga, na kati yako nalo kuna barabara ambayo ni tope tupu. Unavuta ile gia ndogo iliyo kando ya gia kubwa, unaingiza 4x4, unakanyaga mafuta. Badala ya gari kupanda, unasikia "ka! ka! ka!" chini ya miguu yako. Utafanyaje?

Mjomba wangu yalimpata hayo nikiwa nimeketi kando yake. Fundi wa kwanza alisikiliza shida kwa simu tu na kutoa hukumu: "Transfa imeisha. Nunua nyingine." Bei aliyotaja ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa, na mjomba alikuwa ameshaanza kufikiria ni ng'ombe yupi atauza.

Ngoja kwanza tuelewane. Transfa ni lile boksi la chuma lililo nyuma ya giaboksi. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini. Ukiwa H2, nguvu yote inaenda magurudumu ya nyuma. Ukiingiza H4, ya mbele pia yanavuta. L4 inapunguza mwendo na kuongeza nguvu, ile ya kutoka shimoni na mzigo. Ndani ya maboksi mengi kuna cheni nzito inayopeleka nguvu mbele, mengine yana gia tupu.

Tulipata fundi mwingine, kijana wa rika langu. Hajawahi kuketi katika ukumbi wa chuo kikuu, lakini amefanya mtihani wa ufundi wa NITA na cheti anacho. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama nilimwangalia kwa makini. Hakushika spana. Alianza na maswali.

"Mzee, ukiwa H2 inalia?"

"Inavuma kidogo tu."

"Na ukiingiza 4x4 bila mzigo?"

"Hapo ni mara moja moja. Ni mlimani ndiyo inapiga kelele."

Kwake hilo lilikuwa jibu kubwa. Kelele inayokuja tu wakati magurudumu ya mbele yanavuta kwa nguvu inaelekeza upande wa mbele: cheni, propela ya mbele, difu au habu. Kwa hivyo alikagua zote. Gari likiwa limezimwa na magurudumu yamewekewa mawe, aliingia chini, akashika propela na kuizungusha huku na huku kwa mkono. Krosi hazikuwa zimelegea. Habu zilishika sawa. Oili ya difu ya mbele ilikuwa safi.

Kisha akaja kwa transfa. Hapa kuna somo la bure: fungua kwanza nati ya juu, ile ya kujazia oili, kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya juu ikatae kufunguka, umebaki na gari lisilo na oili na hauendi popote. Oili inafaa kufika ukingoni mwa tundu la kujazia. Yake kidole hakikuigusa. Kidogo iliyotoka chini ilikuwa nyeusi na inametameta chembe za chuma. Ingekuwa kama chai ya maziwa, tungejua maji yameingia.

Boksi lilishushwa, baada ya kuweka alama za rangi kwenye propela ili zirudi zilivyokuwa. Lilipofunguliwa, tukaona: cheni imelegea hadi inaruka meno, bearing moja inakwaruza, sili ya nyuma imechoka. Lakini boksi lenyewe halikuwa na ufa, na gia zilikuwa nzima. Cheni, bearing, sili na oili mpya ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari vilitugharimu bei ya mbuzi wawili. Ng'ombe akabaki zizini.

Hata hivyo, angeishia hapo tungerudi kwake mwaka ujao. Sili ilichoka kwa nini? Alitafuta kile kitundu cha kupumulia cha transfa, akakuta kimeziba kwa tope. Boksi likipata joto na hewa haina pa kutokea, inasukuma oili ipite kwenye sili. Akakizibua.

Na cheni je? Akamgeukia mjomba. "Mzee, ukifika lami pale Mweiga, huwa unarudisha H2?"

Mjomba akacheka kidogo. "Mara nyingine nasahau hadi Nyeri."

Hapo ndipo gari lilikuwa linaumia. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope yanateleza kidogo na hesabu inajisawazisha. Kwenye lami kavu hayatelezi, kwa hivyo mvutano wote unarudi kwa cheni na gia. Tairi za mbele na nyuma zikiwa na saizi tofauti ni vivyo hivyo, hata ukienda moja kwa moja. Kuna magari yaliyoundwa kutumia 4x4 wakati wote, hayo ni mengine. Pikapu nyingi za kazi huku Kieni si hizo.

Kwa hivyo, siku fundi atakuambia "nunua nzima", muulize mambo matatu: oili umeiona? Krosi umezishika? Umefungua ukaona kilichovunjika? Kama majibu yote ni hapana, bado hajajua gari lako linaumwa nini.

Viazi vilifika Mweiga siku nne baadaye, kwa bei ya chini kidogo. Mjomba alipokanyaga lami alisimama, akarudisha H2, kisha akaniangalia kama mtu anayetaka kupongezwa.