MGONJWA WA MACHO NA AULIZWE

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake yajulikana: aliye mgonjwa asisumbuliwe kwa maswali, bali atendewe wema bila ya kungoja aombe. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Leo twapenda kuyapima maneno hayo mawili juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni ukavu wa macho, na juu ya njia wanayoitumia madaktari kuupima, yaani orodha ya maswali anayoulizwa mgonjwa mwenyewe. Rai yetu ni kwamba maswali hayo yana faida kubwa, ila hapa kwetu hayatafaa mpaka yatungwe yalingane na maisha ya watu wa Kilwa, na mpaka yafuatwe na kope kugeuzwa na kutazamwa.

Nangurukuru ni njia panda. Atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita hapa, na aendaye Kivinje au Masoko hukata kona hapa. Ndugu zetu wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songo Songo, wanapopewa rufaa ya kwenda kutibiwa mbali, wengi wao huvuka bahari kisha wakasubiri basi papa hapa. Wafikapo, macho yao yamekwisha kupigwa na upepo wa kusi, na chumvi ya bahari, na mwanga wa jua unaorudishwa na maji. Hapa stendi huongezewa vumbi. Nyumbani wamewaacha mama zao wakikaanga samaki katika moshi wa kuni. Basi si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba macho yanamkwaruza kama yenye mchanga, na watu wakamjibu kwamba hayo ni mambo ya kawaida, atazoea.

Yafaa ieleweke kwamba machozi si maji matupu. Juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta yatokayo katika vijitezi vya kope, katikati kuna maji, na chini kuna ute unaoyashikiza maji hayo kwenye jicho. Kikipungua kimojawapo, jicho hukauka kabla ya kope kufumba. Na hapa pana jambo linalowapoteza wengi: jicho lililokauka huweza kutoa machozi mengi, kwa sababu linapochomwa na upepo hujitetea kwa kumwaga maji. Kwa hiyo mhudumu akimwuliza mvuvi, "Je, macho yako ni makavu?", atajibiwa kwa yakini, "La, yanatiririka." Swali limeulizwa, jibu limetolewa, na maradhi yamepita mlangoni bila ya kuonekana.

Kwa nini basi kuuliza, na vipimo vipo? Vipimo vipo kweli. Mwaka 1903 daktari Mjerumani Otto Schirmer alieleza namna ya kuning'iniza kijikaratasi katika kope ya chini kwa dakika 5 na kupima urefu uliolowa. Ukiwa milimita 5 au chini yake, machozi ni haba. Lakini wataalamu wamegundua mara nyingi kwamba vipimo vya jicho na maumivu ya mwenye jicho havikubaliani. Yuko ambaye karatasi yake ni kavu naye halalamiki, na yuko ambaye jicho lake laonekana salama naye hawezi kufanya kazi. Mateso hayaandikwi juu ya mboni. Ayajuaye ni mwenyewe, na njia ya kuyapata ni kumwuliza.

Orodha iliyoenea zaidi duniani huitwa OSDI. Ilitayarishwa na kampuni ya dawa ya Allergan ya Marekani, ikaelezwa katika jarida la kitaalamu mwaka 2000. Ina maswali 12 yahusuyo juma moja lililopita: matano juu ya hali ya macho, manne juu ya kazi za kuona, na matatu juu ya mazingira. Kila jibu hupewa alama, kuanzia 0 kwa asiyepata taabu hata mara moja hadi 4 kwa aipataye muda wote. Jumla huzidishwa kwa 25, kisha hugawanywa kwa idadi ya maswali yaliyojibiwa. Alama 0 hadi 12 ni salama, 13 hadi 22 ni ukavu mdogo, 23 hadi 32 ni wa kati, na 33 hadi 100 ni mkali. Hesabu hii yaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi katika zahanati yoyote, hata isiyo na umeme.

Tatizo limo ndani ya maswali. Mgonjwa huulizwa kama amepata taabu katika kusoma, kuendesha gari usiku, kutumia kompyuta au mashine ya benki, na kutazama televisheni. Huulizwa tena kama macho yalimsumbua penye upepo, penye hewa kavu, na penye kiyoyozi. Tumchukue mama wa Songo Mnara. Gari hana, mashine ya benki haiko kisiwani, kiyoyozi hakijui. Swali lisilomhusu huachwa, na hesabu huendelea kwa yale yaliyobaki. Tuseme amejibu maswali 8 na kupata jumla ya 12. Alama yake ni 37.5, yaani ukavu mkali. Hesabu ni sahihi, lakini karatasi haikusema lolote juu ya maisha yake: kama aweza kusuka ukili, kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, kupepeta mchele, au kusoma msahafu baada ya magharibi. Na ni kwa mambo hayo angejua yeye mwenyewe kama dawa imemsaidia.

Wala haitoshi kuyafasiri maneno. Fasiri hurudishwa katika lugha ya kwanza na mtu mwingine ili ionekane kama maana imepotea. Wagonjwa hukalishwa na kuulizwa wamefahamu nini. Kisha majibu hulinganishwa na vipimo. Ukibadilisha swali umebadilisha mizani, na mizani mpya haitumii mawe ya zamani mpaka ijaribiwe. Tena maswali lazima yasomwe kwa sauti, kwa mtu mmoja mmoja, maana si kila mzee asomaye msahafu anasoma fomu ya serikali.

Jambo hili liliwahi kufanyika na likafaulu. Nchini Indonesia, ukosefu wa vitamini A uliwakausha watoto macho na kuwapofusha. Dalili yake ya mwanzo ni kutoona vizuri giza linapoingia. Mwaka 1980 Alfred Sommer na wenzake walionyesha kwamba kumwuliza mama habari hiyo, kwa jina linalotumika kijijini kwake, ni kipimo cha kuaminika. Huko maradhi hayo huitwa upofu wa kuku, kwa kuwa kuku haoni usiku. Mama asiyejua neno lolote la kitabibu alimjua kuku wake. Shirika la Afya Duniani lilikubali swali hilo liwe miongoni mwa njia za kupima tatizo hilo katika jamii. Kilichofaulisha kazi ile ni neno la nyumbani.

Hata hivyo, hatuna budi kutoa onyo. Maswali hupima mateso, hayatambui chanzo. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa ambayo ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewahi kuhesabiwa kuwa tatizo la afya ya jamii. Maradhi hayo yakikomaa, kope hugeukia ndani na kukwaruza mboni. Mgonjwa wa namna hiyo akiulizwa maswali 12 atapata alama za juu, na akipewa matone ya ukavu atarudi kisiwani kwake akiendelea kupofuka, hali alihitaji upasuaji mdogo wa kope. Pia utafiti wa Tanzania uliotangazwa mwaka 1994 na Yorston na Foster ulionyesha kwamba takribani robo ya wagonjwa wa vidonda vya mboni waliochunguzwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Hivyo swali la "umetia nini jichoni?" halipaswi kukosekana, wala lisiulizwe kwa ukali, maana aliyekaripiwa huficha. Jopo la wataalamu wa kimataifa lilipokutanisha maoni yake mwaka 2017, lilitaka alama za maswali ziambatane na walau kipimo kimoja cha jicho lenyewe.

Twawaomba, basi, wakuu wa afya wa Wilaya ya Kilwa na wa Mkoa wafanye mambo matatu. Kwanza, wataalamu wa macho wakae na wavuvi, wasusi na wakulima wa mwani wa visiwani, wayatunge maswali kwa Kiswahili chao, kisha wayajaribu. Pili, kila mhudumu atakayekabidhiwa maswali hayo afundishwe kugeuza kope na kuitazama kwa tochi. Tatu, alama ziandikwe katika daftari la mgonjwa kila ajapo, ili ijulikane nani atibiwe hapa na nani apelekwe Hospitali ya Mkoa ya Sokoine au mbali zaidi. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga. Wilaya yenye njia kama hiyo haiwezi kumsafirisha kila mwenye jicho linalowasha, wala haiwezi kumwacha nyumbani yule ambaye jicho lake linakufa.

Na nyinyi ndugu wa visiwani, mkiulizwa msiseme tu kwamba macho yanasumbua. Semeni yanasumbua siku ngapi katika juma, katika kazi gani, na mmeyatia nini. Uji mgonjwa na aletewe bila ya kuulizwa. Bali habari za jicho lake hakuna awezaye kuzitoa kwa niaba yake.